Wananchi Wenye Hasira Kali: Kesi Saba za Kinga Iliyovunja Banda la Mshipa

Ukiwa Buguruni ukasikia "Mwizi!", usikimbie. Anayekimbia ndiye mwizi, hata kama alikuwa anawahi daladala. Mwaka juzi, jirani na njia ya reli kule kwa Mnyamani, kibaka mmoja alipora simu akajitosa kwenye banda la chipsi. Dakika tano tu. Kibaka akatokea nyuma, akapita uani kwa watu, akaenda zake na simu. Kilichobaki chini ni banda: karai limepinduliwa, mafuta yametapakaa, viazi vimekanyagwa vikawa uji, na mwenye banda kakaa juu ya ndoo kashika tama. Waliofanya hivyo si wezi. Ni majirani wema kabisa, wale ambao magazeti yetu huwaita wananchi wenye hasira kali.

Likumbuke banda hilo, maana makala hii yote ni habari yake. Penye kibaka weka vimelea, penye banda weka mshipa wa fahamu, na penye majirani weka kinga ya mwili. (Nimesema mshipa wa fahamu. Kila ninapotamka "mshipa" kwenye kijiwe chetu cha kahawa pale Malapa, kuna mzee hujishika chini ya kitovu. Si huo, mzee wangu. Huo ni ngiri, na una siku yake.)

Ubishi ulianzia kwa fundi cherehani wetu, ambaye mkasa wake nauficha mpaka namba moja ili usiondoke hujalipa kahawa. Tulikubaliana kupanga kesi saba, kuanzia ndogo hadi kubwa, ambazo mshipa wa fahamu umeumia na kinga ya mwili imekutwa eneo la tukio na rungu mkononi. Kura zilipigwa kwa vikombe. Muuza kahawa alijipa kura ya turufu, kwa hoja kwamba birika ni lake.

7. Uso uliohama

Mtu kalala mzima, kaamka mdomo uko Tazara na jicho liko Sheli. Anakunywa maji yanachuruzika upande mmoja. Anataka kupiga mluzi, unatoka upepo mtupu. Mtaani tunasema kapigwa kibao na jini, na dereva bodaboda wa kijiweni anaapa anamjua jini mwenyewe na kona anayokaa.

Jini huyo ana jina la Mskoti: Charles Bell, daktari wa upasuaji aliyeueleza ugonjwa huu miaka ya 1820. Mshipa unaotikisa misuli ya uso hutoka kichwani kwa kupita kwenye kitundu cha mfupa, chembamba kama vile vichochoro vya uswahilini ambavyo ukikutana na mwenye ndoo ya maji, mmoja lazima arudi kinyumenyume. Wanaoshukiwa zaidi ni virusi vilivyokuwa vimelala humo siku nyingi. Kinga inakuja na vurugu zake, mshipa unavimba, na mfupa haujui kutanuka. Mshipa unajibana wenyewe kwa wenyewe.

Wengi hupona, hata wasipopewa kitu. Lakini prednisoloni ikianza ndani ya saa 72 huongeza nafasi ya uso kurudi sawa, na saa hizo 72 ndizo hasa ambazo sisi huzitumia kumtafuta mtaalamu wa majini. Jicho lisilofumba lilindwe, usiku lifunikwe, lisije likakauka. Na mwambie mgonjwa akunje paji la uso. Upande uliolegea ukishindwa kukunja, huenda ni huyu Bell. Ukikunja vizuri huku mdomo umepinda, au mkono nao umelegea, hicho ni kiharusi mpaka daktari akatae, na hapo hakuna kusubiri hata dakika kumi.

"Kwa hiyo jini hayupo?" akauliza bodaboda.

"Yupo, ila kwa kesi hii ana ushahidi kwamba alikuwa kwingine."

6. Yenye jina refu

Jina lake ni refu kuliko foleni ya Mandela saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo madaktari wenyewe walichoka wakabakiza herufi nne: CIDP. Kinga inabandua taratibu ganda la mafuta linalofunika mishipa, kama mtu anayemenya waya wa umeme, na miguu na mikono hudhoofika kwa zaidi ya wiki nane. Steroidi, ukoo wa ile prednisoloni ya namba 7, huituliza kinga hiyo. Muuza kahawa akasema ugonjwa usio na jina la mtaani hauwezi kupewa namba ya juu. Tukapita.

5. Mkanda wa jeshi

Hapa ubishi uliwaka. Mwalimu mmoja mstaafu alidai mkanda wa jeshi haustahili kuwa kwenye orodha, kwa sababu kosa la kinga si hasira. Kosa lake ni usingizi.

Ana hoja. Ukiugua tetekuwanga utotoni, vipele hukauka na mama hukuogesha ukarudi shule, lakini kirusi hakijaondoka. Kimepanda kando ya uti wa mgongo, kikajifungia kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu, kikalala miaka 20, 40, 60. Mlinzi anayekizuia kisitoke ni kinga. Siku mlinzi akizeeka, akiugua, au akidhoofishwa na VVU au dawa kali, kirusi kinatoka na kutembea kwenye mshipa kama treni kwenye reli yake: hakichepuki kulia wala kushoto. Ndiyo maana malengelenge hufuata mstari mmoja, upande mmoja wa mwili.

Na ndiyo maana ile hadithi ya kwamba mkanda ukizunguka ukakutana mbele mtu hufa, haina mashiko. Kila mshipa huhudumia nusu yake ya mwili, na katikati ni mpaka. Mkanda huu hauna bizimu.

Lakini nilimkatalia Mwalimu kwa jambo moja. Kinga ikishaamka, inaamka na fimbo. Kile kifundo kinavimba, mshipa unachubuka, na maumivu yake hubaki kwa wengine miezi mingi baada ya malengelenge kukauka. Shati likigusa ngozi mtu analia. Hapo kirusi kimesharudi kulala. Mgonjwa anahangaika na vifusi. Dawa ya kuzuia kirusi, asiklova, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya siku tatu. Dawa ya meno haimo kwenye mwongozo wowote, ingawa hapa Buguruni nimeiona imepakwa mgongoni mpaka mtu ananukia minti.

Kuna jambo la aibu pia. Miaka ya 1980 na 1990, kijana akitokewa na mkanda, mtaa mzima ulishamsomea hukumu kabla hajavua shati, kwa kuwa VVU vilikuwa vimeanza kuangusha walinzi wa watu. Ni kweli kwamba mkanda kwa kijana ni sababu nzuri ya kupima. Si sababu ya majirani kuanza kuulizana nani atarithi kitanda.

4. Askari waliotoka likizo

Hii ni fupi ila mbaya. Mtu ana VVU, kinga imelala chini, na ndani ya mwili kuna vimelea vingine vinaishi kwa raha bila hata kudaiwa kodi. Anaanza ARV. Askari wanarudi kazini, wanakuta vibanda vimejengwa barabarani, na badala ya kutoa notisi wanaanza kubomoa siku hiyohiyo. Kumewahi kuonekana watu ambao ukoma wao ulijitokeza kwa mara ya kwanza hapo, wiki chache baada ya afya kuanza kurudi. Mgonjwa anahitimisha kwamba ARV zimemletea ukoma. Hapana, mwanangu. Zimewasha taa tu. Usiache dozi, rudi kliniki.

3. Jezi iliyofanana

Siku ya Simba na Yanga, simama Buguruni mashabiki wanapotoka Uwanja wa Mkapa, kisha tangaza kwamba mwizi kavaa jezi ya kijani na njano. Nusu ya Dar es Salaam ni washukiwa. Utaona watu wanaponea tundu la sindano kwa kosa la kushangilia.

Ndivyo ulivyo ugonjwa wa Guillain-Barré. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari watatu wa Ufaransa, Guillain, Barré na Strohl, waliandika habari za askari wawili waliolegea miguu na mikono kisha wakapona. (Strohl jina lake lilidondoka njiani. Hata kwenye sayansi kuna anayefanya kazi na asionekane kwenye picha.) Siku hizi tunajua mmoja wa wachokozi wakubwa ni bakteria anayeitwa Kampilobakta, na makazi yake mazuri ni matumbo ya kuku.

Mama ntilie wa kijiweni akaweka mwiko chini. "Kuku wangu naye kaingiaje?"

Kaingia hivi. Unakula kuku asiyeiva vizuri, au kisu kilichokata kuku mbichi kinahamia kwenye kachumbari bila kuoshwa. Unaharisha siku chache. Kinga inatengeneza kingamwili za kumkamata huyo bakteria, na zinamtambua kwa koti lake. Bahati mbaya koti hilo lina nakshi zinazofanana na zile zilizo juu ya mishipa ya fahamu ya binadamu. Bakteria kashatoka kwa njia anayoijua kila mtu, lakini askari bado wanasaka jezi. Wiki moja hadi tatu baadaye miguu inaanza kuwa mizito. Kesho yake magoti. Keshokutwa mikono. Udhaifu unapanda kama maji ya mafuriko yanavyopanda ngazi, na kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne unafika kwenye misuli ya kupumulia, akahitaji mashine.

Mama ntilie asilaumiwe kupita kiasi. Kati ya watu 1,000 hivi wanaoharishwa na Kampilobakta, ni kama mmoja tu anayepatwa na balaa hili. Lakini kisu kioshwe.

Cha kushangaza, na hapa ndipo kijiwe kizima kilinyamaza kwa mara ya kwanza, ni kwamba steroidi, zile zinazotuliza kinga kwenye namba 7 na namba 6, hapa hazisaidii. Zimejaribiwa, hazikufua dafu. Kinachosaidia ni ama kuchuja majimaji ya damu ili zile kingamwili korofi zitolewe, ama kumwekea mgonjwa chupa za kingamwili zilizochangwa kutoka kwa watu maelfu.

"Yaani kama kamati ya harusi," akasema Mwalimu.

Kama kamati ya harusi kabisa, na bei yake ni ya harusi ya ukumbini, si ya turubai. Ndiyo maana kuwahi hospitali kubwa yenye vitanda vya uangalizi maalumu kuna maana kuliko kumkanda mtu miguu kwa maji ya chumvi siku nne. Wengi wakivushwa hapo hutembea tena, ingawa huwachukua miezi.

Neno moja kwa wenye watoto. Mtoto aliye chini ya miaka 15 akilegea ghafla mguu au mkono, toa taarifa kituo cha afya siku hiyo. Huenda ni huyu Guillain, huenda ni polio, na anayetofautisha ni maabara. Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio mwaka 2015, lakini Februari 2022 kirusi kile halisi kilitangazwa Lilongwe, na Malawi si mbali.

2. Kupiga maiti

Namba 2 na namba 1 ni za ukoma. Najua unachowaza: ukoma si uliisha? Haukuisha. Tanzania bado hugundua wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kila mwaka, kuanzia Lindi na Morogoro mpaka hapahapa Dar es Salaam, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye nchi za kuangaliwa kwa karibu.

Kuna mgonjwa wa ukoma ambaye vimelea vimemjaa mwili mzima kwa sababu askari wake wa ana kwa ana, chembe T, hawakupigana kabisa. Badala yake mwili ulimwaga kingamwili, makaratasi mengi ya mashtaka bila askari hata mmoja wa kukamata. Anapewa dawa, vimelea vinakufa kwa mamilioni, mabaki yao yanazagaa. Zile kingamwili zinayavaa mabaki, zinagandamana kwenye kuta za mishipa ya damu, na moto unawaka: homa, vinundu vyekundu vinavyouma hata shuka ikigusa, macho mekundu, viungo, korodani, na mishipa ya fahamu ikiwa humohumo. Kibaka kashakata roho na bado watu wanazidi kuleta mawe. Kwa wengine hali hiyo hurudi na kurudi kwa miaka.

Tiba yake mojawapo ina historia ya ajabu. Thalidomaidi iliuzwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1950 kama dawa ya usingizi na ya kichefuchefu cha wajawazito, kisha ikaondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu kamili. Mwaka 1964, huko Jerusalem, daktari Jacob Sheskin alikuwa na mgonjwa wa ukoma asiyepata usingizi kwa maumivu. Akampa dawa hiyo iliyolaaniwa, alale tu. Mgonjwa akalala. Cha ajabu, vinundu navyo vikaanza kunywea ndani ya siku chache. Mpaka leo dawa hiyo ipo, chini ya ulinzi mkali, na mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi kienyeji.

Muuza kahawa alitaka hii iwe namba moja. Nilimkumbusha kuna mtu amekaa pembeni ya benchi hajasema neno.

1. Mkono wa fundi

Fundi wetu ana kibanda kidogo jirani na soko la Buguruni, na suruali zake hazina mpinzani kuanzia Rozana mpaka Sheli. Alikuwa na baka kwenye mkono, limepauka, haliwashi, haliumi. Miaka miwili analiona. Baka lisilowasha nani analipeleka hospitali? Siku moja alikuwa anapiga pasi, mkono ukaegemea chuma, na kilichomshtua haikuwa moto. Alinusa harufu ya ngozi yake.

Kimelea cha ukoma kiligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen mjini Bergen, Norwei, mwaka 1873, na kama kuna tuzo ya uvivu basi kipewe. Bakteria wengi wa kuharisha hugawanyika kila dakika 20 hivi. Huyu anachukua kama wiki mbili kujigawa mara moja. Hana sumu yoyote inayojulikana. Hapendi joto, ndiyo maana hupanga kwenye ngozi, pua, na mishipa iliyo karibu na nje, hasa ule unaopita nyuma ya kiwiko, ule ambao ukiugonga kwenye mlango wa daladala unasikia shoti mpaka kidole kidogo. Watu walio wengi mno wakikutana naye kinga yao humtimua bila kelele, na wenyewe hawajui hata kama aligonga hodi. Kwa wachache hupata chumba, na huweza kukaa miaka mitano, hata 20, kabla hajaonekana. Mpangaji mtulivu. Hata redio hawashi.

Basi vidole vinavyopinda, mguu unaoburuzika, jicho lisilofumba, vyote hivyo tulivyowaogopea watu tukawajengea makazi ya mbali kama Nunge kule Kigamboni, huletwa na nani? Sehemu kubwa huletwa na majirani wenye hasira. Mwaka 2017 watafiti walitazama jambo hili ndani ya watoto wa samaki wadogo wanaopenyeka mwanga, wanaoonekana mpaka ndani kama soda ya chupa. Waliona chembe walaji, zile zinazomeza takataka za mwili, zikibeba vimelea na kuzunguka kwenye mishipa ya fahamu. Vimelea vikiwa humo, chembe hizo zilitoa hewa kali ya kuua adui, na iliyoungua ni mishipa. Kimelea kiliwasha ugomvi, lakini kiberiti kilikuwa cha mwenye nyumba.

Fundi alipopimwa akakutwa na ukoma, alianza dawa mseto: rifampisini, klofazimini na dapsoni, mchanganyiko ambao dunia iliukubali mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambao tangu 1995 hutolewa bure. Dozi yake miezi 12. Mkojo ukawa mwekundu, ni rifampisini, aliambiwa mapema. Ngozi ikazidi weusi, ni klofazimini. Alichekwa sana. Mji ambao watu wananunua mkorogo wapauke, yeye anapewa rangi bure na serikali.

Mwezi wa tatu, baka likabadilika. Liliinuka, likawa jekundu, limeiva kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Kiwiko kikaanza kuuma usiku. Ndani ya wiki moja mkasi ukawa unamponyoka.

Sasa sikiliza ushauri tuliompa, sisi mabingwa wa Malapa. Tulimwambia dawa imemkataa. Mwalimu alisema aipumzishe. Bodaboda alijua mtu wa Vingunguti mwenye mizizi. Mimi mwandishi, ninayesoma vitabu, nilimwambia anunue vitamini. Akaacha dozi.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Dawa ilianza kuua vimelea, na zile chembe T, askari wa ana kwa ana waliokuwa wamezubaa kwa miaka, zikaamka. Zilivamia kila kificho kwa pamoja: ngozini, na ndani ya mshipa wa kiwiko. Mshipa umevishwa ala ngumu isiyotanuka. Ukivimba humo ndani, damu haipiti vizuri, nyuzi zinabanwa, na zikibanwa muda mrefu hazirudi. Mcharuko huu unaweza kuja kabla ya dawa, katikati ya dawa, hata baada ya kumaliza. Mgonjwa anaona anazidi kuumwa wakati kwa kweli ndiyo mara ya kwanza anapigana. Akiacha dozi anampa kibaka nafasi ya kurudi, na moto alioukimbia unaendelea kuwaka. Hasara mbili kwa nauli moja.

Aliyemwokoa ni mke wake, ambaye hana muda wa kijiwe. Alimshika mkono mzima akampeleka dirisha lilelile alikoanzia dawa, la kifua kikuu na ukoma. (Mbona viko pamoja? Kwa sababu vimelea vyao ni ndugu wa ukoo mmoja, na Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977 kuvishughulikia kwa kapu moja.) Muuguzi hakuwa na mashine. Alichomoa kalamu ya wino mfukoni mwa koti, akamwambia fundi afumbe macho, akawa anagusa kiganja hapa na pale kwa ncha yake: "Onyesha nilipokugusa." Kidole gumba, sawa. Cha shahada, sawa. Alipofika kidole kidogo, fundi alikaa kimya akisubiri kuguswa. Muuguzi alikuwa ameshagusa mara mbili.

Kisha akamwambia apanue kidole kidogo kando, naye akakisukuma kirudi. Hakikubisha hata kidogo. Kwenye karatasi aliandika herufi moja, akauliza swali ambalo ndilo la maana kuliko yote: "Mkono umeanza kulegea lini?" Ganzi au udhaifu ulio chini ya miezi sita una nafasi nzuri ya kurudi kwa prednisoloni. Ukipita hapo, nafasi hiyo hufifia.

Alipewa prednisoloni kwa kiwango cha juu, kikawa kinapunguzwa kidogokidogo kwa miezi, huku dawa mseto zikiendelea. Kwanza alipimwa sukari na shinikizo la damu na kupewa dawa ya minyoo, kwa sababu dawa inayowanyamazisha wananchi wenye hasira huwanyamazisha na walinzi wa zamu. Nawaambia na nyie mnaonunua steroidi dukani ili mnenepe mashavu ya harusi: hiyo si lishe. Na mgonjwa asiikate ghafla akiona nafuu, maana mwili ulioizoea huwa umeacha kutengeneza ya kwake.

Leo fundi anashona. Mkasi umerudi. Kidole kidogo tu ndicho hakijarudi kundini: akishika kikombe cha kahawa kinajitenga pembeni na wenzake, na sisi tunamtania kwamba amekuwa bwana mkubwa. Anacheka. Kisha anatukumbusha hesabu.

Siku tisa. Alikaa siku tisa bila dawa wala kalamu ya muuguzi, akisikiliza kijiwe. Kwa hiyo wewe mwenye baka lisilosikia pamba, au uliye kwenye dozi na kiwiko kimeanza kuuma usiku, tafadhali usituletee sisi. Nenda kliniki kesho asubuhi, kahawa utaikuta.